Samadi na Miti: Kutoka Zizini Hadi Shimoni

Kila halmashauri nchini imepewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Idadi ya miche iliyopandwa hutangazwa siku ya kupanda, mbele ya viongozi na wanafunzi. Idadi ya miche iliyo hai ifikapo Oktoba, mvua zikiwa zimekwisha tangu Aprili au Mei, huulizwa na watu wachache sana, ingawa ndiyo inayomhusu mkazi anayengoja kivuli, tunda au kuni. Lawama kwa kawaida hutupiwa jua na mifugo. Lipo hata hivyo kosa lisilotajwa mara nyingi. Mche uliokauka Agosti huenda ulidhoofishwa tangu Desemba, siku ile ile ulipopandwa, kwa kutiwa samadi mbichi shimoni au kurundikiwa kinyesi shinani na mtu aliyekusudia kuutendea wema.

Kinyesi cha ng'ombe si kitu adimu katika ukanda wa Shinyanga na Geita. Mizizi yenye samadi ya miaka mingi ingepaswa kuwa jirani na miti iliyonawiri, lakini maboma mengi yamezungukwa na ardhi tupu. Hali hii ina historia yake. Katika miaka ya 1920 na 1930, mapori makubwa ya Shinyanga yalifyekwa ili kuwatokomeza mbung'o. Baadaye yakafuata mashamba ya pamba, ongezeko la watu na la mifugo, na ukataji wa kuni. Mwaka 1984 Mwalimu Julius Nyerere, baada ya kuutembelea mkoa, aliuita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ambao uliwarudisha wananchi kwenye utaratibu wao wa jadi wa ngitili, malisho yaliyofungwa na kutunzwa kwa ajili ya kiangazi. Ngitili zilizokuwa zikijulikana mwaka huo zilikuwa takribani hekta 600. Kufikia mwaka 2004 zilikuwa zimevuka hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Katika miaka ile migumu kuni ziliadimika kiasi kwamba kaya nyingi zilipikia kinyesi kikavu na mabua ya pamba. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Kinyesi kinapoungua jikoni, naitrojeni yote iliyomo huondoka na moshi, na shamba hubaki bila kitu cha kurudishiwa. Udongo uliochoka hauoteshi miti, na pasipo miti kinyesi hurudi tena jikoni. Mzunguko huo haujaisha kila mahali. Tena katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama miti ina mnunuzi mwingine asiyelala: maduara ya wachimbaji wadogo yanahitaji matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke, na miji iliyokua kandokando ya migodi inahitaji mkaa. Kaya inayopanda miti michache ya kuni nyumbani, na kuilisha samadi mpaka ishike, huanza kuukata mzunguko huo kwa upande wake.

Wakara na samadi yao

Mfano mzuri wa matumizi ya samadi haupo mbali. Katika kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, watu wameishi kwa msongamano mkubwa kwenye udongo wa kichanga kwa vizazi vingi bila kuuacha upumzike. Maofisa wa kilimo wa miaka ya 1930 walioandika habari zao walistaajabu. Wakara walifunga ng'ombe ndani ya nyumba, katika sehemu iliyochimbwa ikawa chini kuliko sakafu nyingine, wakawaletea majani na nyasi. Masalia ya malisho yalikanyagwa pamoja na kinyesi na mkojo mpaka shimo likajaa, kisha mchanganyiko huo ukabebwa shambani. Miti nayo ilikuwa na wenyewe, ikitunzwa kama mazao.

Siri yao ilikuwa mkojo. Sehemu kubwa ya naitrojeni inayotoka kwa ng'ombe imo katika mkojo, na katika zizi la wazi mkojo huzama mchangani au hugeuka amonia, ile harufu inayochoma pua asubuhi, ukapotea hewani. Matandiko ya mabua, pumba au nyasi kavu huufyonza na kuuhifadhi. Mfugaji wa Kishapu au Mbogwe hahitaji kuchimba shimo ndani ya nyumba yake. Akitandaza mabua ya mahindi au mtama katika pembe moja ya zizi ambako ndama hulala, na kuyabadilisha yakiloa, amekwisha kupata samadi bora kuliko ile inayokwanguliwa katikati ya zizi pamoja na mchanga.

Hata hivyo samadi ya zizi kuukuu haidharauliki. Imepoteza naitrojeni nyingi kwa jua na mvua, lakini fosforasi hubaki, na vitu vilivyooza hushika maji. Tabaka za chini huwa nyeusi na laini kuliko za juu. Iwapo nusu ya kinachochotwa ni mchanga, kiasi kiongezwe.

Kwa nini samadi mbichi hudhuru

Wakulima hutumia neno "kuunguza", nalo ni sahihi. Rundo la kinyesi kibichi linapooza hupata joto linaloweza kufikia nyuzi 60 za Selsiasi katikati. Kiasi kilichofukiwa shimoni hakifiki huko, lakini hutoa amonia na chumvichumvi zinazounguza ncha changa za mizizi, na ncha hizo ndizo zinazonywa maji. Mche huo unaweza kuonekana mzima wakati wa mvua, kwa kuwa maji ni mengi na mizizi michache inatosha. Mvua ikikata hauna mizizi ya kwenda chini.

Kinyesi chenye mabua mengi yasiyooza huleta shida nyingine. Vijidudu vinavyoozesha mabua huhitaji naitrojeni, na visipoipata ya kutosha humo huichukua kwenye udongo. Majani ya mche hugeuka manjano licha ya "mbolea" yote iliyotiwa. Kisha huja mchwa, ambao kila mpanda miti wa Shinyanga anawafahamu. Hufuata mabua na kinyesi kikavu, na wakimaliza chakula hicho huhamia kwenye gome la mche. Mbegu za magugu zilizopita tumboni mwa ng'ombe nazo huota zikagombea maji na mche. Zile zilizopitia joto la rundo nyingi hufa.

Kuivisha samadi

Anayetarajia kupanda Desemba aanze rundo Agosti, na akianza Julai ni bora zaidi. Mahali pawe pameinuka kidogo ili maji ya mvua yasituame, pawe na kivuli, na pawe mbali na kisima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imetenga mita 60 kandokando ya mito, mabwawa na ziwa kuwa eneo la hifadhi. Rundo la samadi lisiwekwe humo.

Rundo hupangwa kwa tabaka: mabua au nyasi zilizokatwa vipande, kisha kinyesi na matandiko yaliyoloa mkojo, kisha udongo wa juu kidogo, na kurudia hivyo mpaka kufikia urefu wa mita moja hadi moja na nusu. Rundo fupi sana halipati joto. Kila tabaka hunyunyiziwa maji, na kiangazi maji ya kuoshea mboga na vyombo hufaa, mradi yasiwe na sabuni nyingi. Majivu mengi yasichanganywe na kinyesi kibichi, kwa kuwa huharakisha amonia kuruka; yawekwe baadaye, rundo likikaribia kuiva. Juu pafunikwe kwa nyasi au turubai chakavu.

Unyevu hupimwa kwa kiganja. Konzi ikikamuliwa, mkono uloe bila maji kuchuruzika. Joto hupimwa kwa fimbo ndefu inayochomekwa katikati ya rundo na kuachwa humo. Ikichomolewa ikiwa ya moto, kazi inaendelea. Ikiwa baridi na kavu, rundo lina kiu. Ikiwa baridi, imeloa na inanuka vibaya, hewa imekosekana na rundo ligeuzwe. Kugeuza hufanyika kila baada ya wiki tatu hivi, sehemu ya nje ikiingizwa ndani. Baada ya miezi mitatu hadi minne samadi huwa nyeusi, hupukutika mkononi, na harufu yake ni ya udongo baada ya mvua.

Mwenye mashaka anaweza kufanya jaribio dogo. Kopo moja lijazwe udongo mtupu, jingine udongo uliochanganywa na samadi ile nusu kwa nusu, na katika kila moja zipandwe punje kumi za maharage. Zikiota sawasawa katika makopo yote mawili, na majani yakawa ya kijani, samadi imeiva. Zikisinyaa katika kopo la pili, rundo liachwe mwezi mwingine. Ni afadhali kupoteza punje kumi kuliko miche arobaini.

Samadi ya mbuzi huja kama gololi ngumu na huhitaji kuloweshwa na kupondwa kabla ya kuingia kwenye rundo. Ya kuku ni kali mno. Iive kikamilifu, kisha itumike robo tu ya kiasi kinachotajwa hapa kwa ng'ombe.

Udongo kwanza

Wasukuma wana majina ya udongo wao tangu zamani, nayo hufuata mteremko: luseni wa kichanga huku juu, itogolo na ibambasi wenye tabaka gumu chini yake, na mbuga nyeusi bondeni. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, alipoeleza katika miaka ya 1930 jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni, alikuwa akiandika kitaalamu jambo ambalo wakulima wa huku walikwisha kulipa majina.

Luseni ndio unaonufaika zaidi, kwa kuwa haushiki maji wala rutuba, na samadi iliyoiva hufanya kazi ya sifongo. Mbuga ina rutuba yake. Shida yake ni kupasuka kiangazi na kutuamisha maji masika, hivyo samadi hutumika kuilainisha, na mche hupandwa juu ya kichuguu kidogo. Itogolo na ibambasi hutaka tahadhari. Udongo huo mara nyingi una chumvi tayari, na samadi nayo ina chumvi. Kiasi kiwe kidogo, ya kuku isitumike kabisa, na lile tabaka gumu livunjwe kwa sururu kabla ya kitu kingine chochote. Mche uliopandwa juu ya tabaka gumu lisilovunjwa ni kama uliopandwa kwenye sufuria.

Shimo na mche

Kwa mti wa matunda, kama mwembe au mchungwa, shimo liwe la sentimita 60 kwa urefu, upana na kina. Lichimbwe mwezi mmoja au miwili kabla ya mvua. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja na ule wa chini upande mwingine. Udongo wa juu huchanganywa na debe moja hadi mawili ya samadi iliyoiva, ukarudishwa shimoni. Wa chini hutumika kujengea kingo za kukinga maji. Samadi isiwekwe chini ya shimo kama godoro, kwa kuwa hushuka inapoendelea kuoza na mche huzama pamoja nayo. Miti ya kuni na mbao huridhika na shimo la sentimita 30 hadi 45 na nusu debe.

Mche upandwe mvua ikiwa imelowesha udongo vizuri, bila kungoja Januari, kwa sababu ukanda huu mara nyingi hupata wiki kadhaa za ukame katikati ya msimu. Baada ya kupanda hutandazwa nyasi kavu kuzunguka mche, na nyasi hizo ziache nafasi ya kiganja kimoja kutoka shinani. Palipo na mchwa wengi nafasi hiyo iongezwe.

Mti uliokwisha kukua huwekewa samadi mahali tofauti na wengi wanavyodhani. Mizizi inayokula ipo mbali na shina. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, ukingo wa kivuli huonyesha mahali pake. Hapo huchimbwa mfereji wa duara usiozidi kina cha sentimita 15, ukawekwa ndoo mbili hadi nne za samadi, ukafukiwa. Kazi hii hufanyika mwanzo wa mvua, mara moja kwa mwaka. Kinyesi kilichorundikwa shinani hakilishi mti. Kinachofanya ni kulowesha gome mpaka likaoza, na kuwapa mchwa na panya makazi.

Ipo miti isiyohitaji samadi. Migunga, milusina na jamii yake huishi na bakteria wa mizizini wanaovuta naitrojeni hewani, na ikipewa naitrojeni nyingi hulegeza kazi hiyo. Samadi kidogo hutosha kuianzisha kwenye udongo uliochoka sana. Miti inayochipua yenyewe ndani ya ngitili na ile ya kisiki hai ina mizizi mirefu iliyokwisha kushika. Inachotaka ni kupogolewa na kulindwa dhidi ya mbuzi. Samadi iliyopelekwa huko ingekuwa na kazi zaidi kwenye mwembe wa nyumbani.

Karibu na mialo ya dhahabu

Kwa wakazi wa maeneo ya uchimbaji mdogo ipo tahadhari isiyohusu samadi peke yake. Dhahabu hunaswa kwa zebaki kwenye mialo, na marudio huchenjuliwa tena kwa sayanaidi. Zebaki ni metali, na metali haiozi. Imani kwamba samadi nyingi "husafisha" ardhi ya mwalo wa zamani haina msingi. Kuna hatari hata zaidi palipo na maji yaliyotuama. Mabaki yanayooza huwalisha bakteria wanaoigeuza zebaki kuwa aina yenye sumu kali zaidi, ambayo huingia kwa samaki na kuwafikia wanaokula samaki hao.

Hivyo basi, samadi isimwagwe kwenye mabwawa ya marudio wala kandokando yake. Isichotwe pia kwenye mazizi yaliyo jirani na makarasha na mialo, ambako vumbi na maji machafu huchanganyika na kinyesi. Miti ya matunda isipandwe kwenye marudio, hata kama ardhi hiyo inaonekana laini na rahisi kuchimba. Anayetaka kurudisha uoto kwenye eneo lililochimbwa apate kwanza ushauri wa ofisi ya mazingira ya halmashauri. Tope la josho nalo lisichanganywe na samadi, kwa kuwa lina dawa za kuua kupe.

Afya ya anayebeba

Vimelea vya pepopunda huishi katika udongo na kinyesi, na mlango wao ni kidonda. Kubeba samadi kwa miguu mitupu ni desturi iliyozoeleka na ni hatari. Viatu vya kufunika vivaliwe, vidonda vifunikwe, mikono ioshwe kwa sabuni. Aliyechomwa na msumari au kujikata na jembe katika kazi hiyo afike zahanati siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo. Mboga zinazoliwa mbichi zisipandwe kwenye samadi mbichi chini ya miti.

Mnyama akifa ghafla huku damu ikitoka puani au mdomoni, huenda ni kimeta. Mzoga usipasuliwe, usiliwe, na samadi ya zizi hilo isihamishwe kwenda popote mpaka Afisa Mifugo atoe maelekezo. Vimelea vya kimeta hukaa udongoni kwa miongo mingi, na kikapu kimoja cha samadi kinaweza kuvihamishia kijiji kingine.

Asiye na ng'ombe

Kaya nyingi, hasa za mijini na migodini, hazina mifugo. Wengine hununua samadi kwa mkokoteni, na wengine hupatana na mfugaji: ng'ombe waingie shambani kula mabua baada ya mavuno, nao walale hapo usiku kadhaa. Makubaliano ya namna hiyo yafanywe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, idadi ya siku itajwe, na miche iliyopo shambani izungushiwe miiba kabla ng'ombe hawajaingia. Migogoro mingi huanzia hapo, kwa mche mmoja uliokanyagwa na mtu asiyejua kuwa ulikuwepo.

Anayenunua aingize mkono ndani ya shehena kabla ya kulipa. Ikiwa ya moto bado haijaiva, na bei yake izingatie kwamba mnunuzi ndiye atakayeingoja miezi mitatu. Wakazi wanaohitaji kuonyeshwa namna ya kupanga rundo au kutambua udongo wa viwanja vyao wamwone Afisa Ugani katika ofisi ya Mtendaji wa Kata, wakiwa na konzi mbili za udongo, moja ya juu na nyingine ya kina cha mkono.